Unawashwa na hujui nini kinakuuma? Fanya haya kabla hujanunua dawa

"Dada, nipe dawa ya muwasho." Karibu wote huanza hivyo. Mtu ananyoosha mkono juu ya kaunta, vipele vimejipanga kuanzia kiwikoni, vingine vimekunwa mpaka vinatoa maji. Namuuliza, umeanza kuwashwa lini? Wiki mbili sasa. Unawashwa zaidi usiku au mchana? Ananyamaza. Nyumbani nani mwingine anajikuna? Hajawahi kuuliza.

Nauza dawa katika duka la dawa muhimu huku Mbagala, na maswali haya nayajibu kila wiki. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Ombi langu ni moja: kabla hujatoa hela, tafuta ushahidi kwa siku tatu. Hata daktari wa ngozi ukimwonyesha kipele kimoja tu hawezi kuapa kama ni cha mbu, kunguni au kiroboto. Mpelekee mahali kilipo, saa kilipoanza, na mdudu mwenyewe ukimpata, hapo atakusaidia.

Usisubiri siku tatu ikiwa midomo, ulimi au macho yamevimba, unapumua kwa shida au mwili mzima umetoka mabaka ya ghafla, una homa, kipele kimekuwa jipu, kinauma na wekundu au weusi unasambaa, mgonjwa ni mtoto mchanga, au wewe ni mjamzito na unawashwa viganja na nyayo bila vipele vyovyote. Huo muwasho wa mwisho unaweza kutokana na ini na unaweza kumdhuru mtoto tumboni. Nenda kituo cha afya leo hii.

Andaa vitu hivi

- Simu yenye tochi
- Selotepu ya kawaida, ile inayoonyesha
- Karatasi ya daftari na kalamu
- Shuka jeupe, hata la kuazima
- Bisibisi na kadi ngumu ya zamani
- Kikata kucha
- Ndoo moja au mbili za lita 20 zenye mifuniko inayobana. Ile mifuko myepesi ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2019, na hata hivyo ndoo inaziba vizuri kuliko mfuko
- Sabuni, sufuria kubwa ya kuchemshia maji, na pasi

Hatua ya 1: Poza ngozi bila kuficha ushahidi

Kata kucha ziwe fupi kabisa, zako na za watoto. Wahenga walisema upele humwota asiye kucha. Hapa ndiyo heri yake, maana kidonda kikichimbwa na kucha kinaingia vijidudu, na usaha wa ngozi kwa mtoto huweza kumletea ugonjwa wa figo baadaye. Muwasho ukizidi, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika kumi. Losheni ya kalamini inafaa. Kidonge cha setirizini kinasaidia. Piritoni pia, ila inaleta usingizi, kwa hiyo usimeze kisha ukaendesha bodaboda.

*Onyo:* usipake zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwenye vitubu vidogo, wala krimu za kujichubua. Nyingi zina steroidi. Zinatuliza kwa siku mbili tatu, mtu anafurahi, na huku chini upele unaendelea kuzaliana. Baadaye ngozi inabadilika sura hadi mtaalamu anashindwa kuutambua. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote.

Mafuta ya taa, spiriti, dawa ya mbu ya kupuliza na dawa ya shambani havipakwi kwenye ngozi. Mtoto anaweza kufa kwa sumu hizo.

Hatua ya 2: Chora mwili wako

Chora mtu kwenye karatasi, mbele na nyuma. Haihitaji kuwa picha nzuri. Weka nukta kila penye kipele, kisha andika majibu ya maswali matatu:

Wapi? Sehemu zilizokuwa wazi wakati umelala, au zilizofunikwa na nguo? Chini ya magoti tu?

Saa ngapi? Unalala salama ukaamka na vipele vipya, au muwasho wenyewe ndio unaokuamsha?

Nani mwingine? Uliza kila mtu ndani ya nyumba, na dada wa kazi, na mtoto aliyetoka bweni. Waulize faragha, maana watu wanaona aibu.

Rudia kila asubuhi kwa siku tatu, ukizungushia duara vipele vipya. Piga na picha.

Kuhusu rangi: mabango na picha nyingi za simu zinaonyesha vipele vyekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta uvimbe kwa kupapasa na vidole, au sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi, au yenye rangi ya zambarau. Na madoa meusi yanayobaki baada ya kipele kupona yanaweza kukaa miezi. Hayo usiyahesabu kama vipele vipya.

Hatua ya 3: Soma karatasi yako

*Kunguni.* Vipele viko sehemu zilizokuwa nje ya shuka: mikono, shingo, mabega, miguu. Mara nyingi vimekaa kwa safu au fungu. Unaamka navyo. Kunguni hupenda kuuma usiku wa manane kuelekea alfajiri, ananyonya dakika tano hadi kumi, kisha anarudi mafichoni. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika: "Mume wangu tunalala kitanda kimoja, mbona yeye haumwi?" Mama, anaumwa. Ngozi yake haijibu tu. Wapo watu ambao hawatoki kipele hata kimoja, na wapo ambao kipele kinatokea siku kadhaa baada ya kuumwa, kwa hiyo unaweza kukilaumu kitanda chako siku ya Jumatano, kumbe waliokuuma ni kunguni wa gesti uliyolala Ijumaa.

*Upele.* Huu si wa kuumwa. Ni kijidudu kisichofika nusu milimita kinachochimba na kutaga ndani ya ngozi. Angalia katikati ya vidole, viwiko vya mikono, kwapa, kitovu, kiunoni penye mkanda, matako, sehemu za siri, na kwa wanawake kuzunguka chuchu. Kwa watoto wadogo huenda hadi viganja, nyayo na kichwa. Muwasho unapanda usiku mwili ukipata joto la shuka. Anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki mbili hadi sita bila dalili huku akiwaambukiza wenzake. Aliyewahi kuugua huanza kujikuna ndani ya siku nne. Kama wawili au zaidi nyumbani wanajikuna usiku na vidole vimeota vipele, usitafute mbali.

Kuna jaribio rahisi. Paka maka peni juu ya kipele cha katikati ya vidole, subiri kidogo, kisha futa kwa pamba yenye spiriti kidogo (hapa ni ya kufutia wino tu, si dawa ya kupaka), panapokuwa hapana kidonda. Pakibaki kamstari kembamba kenye kona kona, urefu wa punje ya mchele au chini yake, hilo ni shimo la upele limenywa wino. Pasipobaki kitu, bado hujaufuta uwezekano.

*Viroboto.* Vifundoni na miundi, vikiwa vingi pamoja, hasa kwenye nyumba yenye paka, mbwa au panya. Weka beseni lenye maji na sabuni ya vyombo sakafuni usiku, juu yake taa. Asubuhi angalia wanaoelea.

*Mbu* hujulikana, siwezi kukupotezea muda. *Usubi*, wale vijidudu vidogo sana wa jioni karibu na maji, huacha vipele vingi vidogo miguuni na mikononi.

*Papasi.* Huyu ni aina ya kupe. Ukilala nyumba ya udongo yenye nyufa, hasa mikoa ya kati kama Dodoma, halafu siku kadhaa baadaye ukapata homa inayokuja, inakata, inarudi, mwambie daktari kwamba ulilala huko. Papasi huuma usiku bila maumivu, na homa yake hufananishwa na malaria. Inatibika kwa dawa, lakini lazima ipimwe.

*Mdudu wa mvua.* Kuna kijidudu chembamba cha rangi ya chungwa na nyeusi, hakifiki sentimita moja, ambacho Wakenya wanakiita Nairobi fly. Hakiumi. Ukikiponda kwenye ngozi kinatoa sumu, na kesho yake unaamka na mchirizi unaounguza kama umemwagikiwa maji ya moto. Kikitua kwako kipulize. Ukishakiponda, nawa mara moja kwa sabuni na maji mengi, na usishike macho.

*Jipu lenye tundu katikati,* na ndani unahisi kitu kinacheza: huyo ni buu wa inzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au zilizolazwa chini. Paka vaselini nene juu ya tundu, buu akikosa hewa atajitokeza, umvute taratibu bila kumkata. Tangu leo piga pasi kila nguo pande zote, pamoja na mapindo na mpira wa chupi. Nepi za vitambaa usisahau.

Hatua ya 4: Kagua kitanda

Mchana toa kila kitu, uanze na godoro. Pita na tochi kwenye pindo lote, chini ya lebo, ndani ya zipu. Kisha chomoa chaga moja moja. Angalia ncha zake, pale zinapokalia mbao za pembeni, na kila tundu la skrubu. Chokoa nyufa na kadi. Maliza na ubao wa kichwani, mapindo ya chandarua, fremu za picha na soketi ya ukutani iliyo karibu. Chandarua chenye dawa usikitegemee kwa hili, kunguni wengi siku hizi wamezoea dawa za aina hiyo.

Unachotafuta ni vidoa vyeusi kama nukta za kalamu (kinyesi, ukipangusa kwa kitambaa chenye maji kinachafuka kama wino), maganda ya rangi ya kahawia, mayai meupe ya milimita moja yaliyogandishwa, na mdudu mwenyewe: bapa, mviringo, rangi ya kahawia, milimita tano hivi akiwa mkubwa.

Usipoona kitu, tandika shuka jeupe, weka kengele saa tisa usiku, na ukiamka washa tochi kabla hujainuka. Atakayeonekana mnase kwa selotepu, ubandike kwenye karatasi.

Mwaka jana kijana mmoja, fundi wa kuchomelea, alikuja dukani mara tatu ndani ya mwezi. Mara mbili alinunua vidonge, akaondoka. Mara ya tatu sikumuuzia, nikampa kipande cha selotepu na maelezo haya haya. Kesho yake alikuja na karatasi ya daftari la hesabu imekunjwa mara nne. Ndani, wamebandikwa sita. Mmoja alikuwa amejaa damu, ameumuka kama punje ya maharage madogo, na mguu wake mmoja bado ulikuwa unatikisika chini ya selotepu. Kitanda alikuwa amekinunua kimetumika. Aliichomoa chaga ya tatu, akaniambia, na tundu la msumari lilikuwa jeupe kwa mayai.

Hatua ya 5: Tibu kilichopatikana

Kama ni kunguni, dawa ya kumeza haipo. Kunguni hajathibitika kueneza magonjwa kwa watu, kwa hiyo ngozi unaituliza tu kama hatua ya 1. Kazi iko kwenye kitanda.

1. Nguo, mashuka na chandarua vikusanye humo humo chumbani, uvitie kwenye ndoo na kufunika, ndipo uvitoe nje. Ukivibeba mkononi unawasambaza sebuleni.
2. Loweka mashuka na nguo zinazovumilia kwenye maji ya moto sana, nyuzi 60 au zaidi, kisha anika juani na upige pasi. Chandarua chenye dawa fuata maelezo ya pakiti, maji ya moto huiharibu.
3. Chaga na mbao zitoe nje, umimine maji yanayochemka kwenye kila ufa na tundu, taratibu. Vaa viatu, watoto wakae mbali.
4. Godoro lipigwe brashi kwenye mapindo, lianikwe jua kali huku ukiligeuza. Jua peke yake halitoshi kwa godoro nene, maana katikati hapapati joto la kuua. Kama una uwezo, lishonee mfuko mzima wenye zipu nzuri, ulifungie humo kwa mwaka, kwa sababu kunguni anaweza kuishi miezi mingi bila kula.
5. Ziba matundu ya ukuta na mbao kwa simenti au gundi.
6. Vuta kitanda mbali na ukuta. Kila tendegu liweke ndani ya kopo la plastiki lenye maji na sabuni, na shuka wala chandarua visiguse sakafu.
7. Rudia namba 1 hadi 4 baada ya siku saba, na tena baada ya siku kumi na nne. Mayai huanguliwa kwa wiki moja hadi mbili. Aliyefanya mara moja akaacha hunirudia akisema "dawa haifanyi kazi".

*Onyo:* usipulize godoro dawa ya shambani au unga usiojulikana unaouzwa kwenye chupa za maji mitaani. Unalala juu yake kwa muda wa saa nane, unaivuta. Ukitaka kupuliziwa, ita mtu mwenye kibali, mwulize jina la dawa, na mkae nje kwa muda atakaosema. Na kama mnaishi nyumba ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba pamoja na jirani wa chumba cha pili. Kunguni hupita ukutani.

Kama ni upele, tibu watu wote wa nyumba siku moja, hata asiyewashwa. Hapa sina mjadala. Mmoja akibaki, ndani ya mwezi mmerudi mlipoanza.

1. Jioni ogeni, mjikaushe, ngozi ipoe.
2. Pakeni BBE (dawa ya maji ya kupaka, benzyl benzoate) ya asilimia 25 kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo: katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, makalioni, sehemu za siri kwa nje. Isiingie machoni. Inaunguza kwenye mikwaruzo, mwambie mtoto mapema.
3. Ikae saa 24. Ukinawa mikono, paka tena mikononi. Kesho jioni rudia, kisha oga baada ya saa 24 nyingine.
4. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 hupunguziwa nguvu, nusu dawa nusu maji. Chini ya miaka 2, na mjamzito, waonwe kwanza kituoni. Wapo wanaopewa mafuta ya salfa.
5. Ukipata krimu ya permethrini asilimia 5, hukaa mwilini saa 8 hadi 14, na hurudiwa baada ya wiki. Ivermektini ya kumeza hupimwa kwa uzito na haipewi mtoto wa chini ya kilo 15 wala mjamzito. Usinunue kwa kubahatisha.
6. Siku hiyo hiyo fueni nguo na mashuka yaliyotumika siku tatu za nyuma kwa maji ya moto. Visivyofulika vikae kwenye ndoo iliyofungwa wiki nzima. Kijidudu cha upele nje ya mwili hakimalizi siku nyingi.

Upele si uchafu. Unaambukizwa kwa ngozi kukaa na ngozi, ndiyo maana mabweni unayamaliza. Mtoto akija likizo anajikuna, mtibu kimya kimya, na mjulishe mlezi wa bweni.

Kama ni viroboto, anza na mnyama. Dawa ya mbwa yenye permethrini humuua paka, kwa hiyo ulizia kwa daktari wa mifugo. Fagia kila siku, pembeni na chini ya makochi, taka zitupwe nje mara moja. Fua anapolala mnyama. Endelea wiki tatu nne, kwa sababu waliojifungia kwenye vifuko vyao sakafuni hutoka baadaye. Panya watege pia.

Bado unawashwa?

*Nimepaka BBE, siku ya tano bado najikuna.* Kawaida. Muwasho wa upele unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya vijidudu kufa, kwa sababu mabaki yao bado yako kwenye ngozi. Usipake kila siku, utaichoma ngozi. Rudi kituoni ukiona vipele vipya baada ya hapo.

*Nimekagua kitanda mara tatu, hakuna kitu.* Kagua kochi, kiti cha ofisini, kitanda cha ghetto unakolala wikiendi. Angalia ulichobadilisha mwezi huu: sabuni, mafuta, nguo za mtumba zisizofuliwa, dawa mpya. Wakubwa wanaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria, ilivyokuwa inawasha mwili mzima kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001. Zipo dawa nyingine zinazofanya hivyo.

*Nawashwa mgongoni na kifuani wakati wa joto, vipele vidogo kama mchanga.* Huenda ni harara. Oga maji ya kawaida, vaa pamba, usijipake mafuta mazito.

*Nawashwa mwili mzima, ngozi haina hata kipele.* Jipake mafuta mazito mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, ukavu wa ngozi unatosha kuwasha. Isipopungua, omba kupimwa sukari, ini, figo na damu.

*Vipele vya mikono na miguu vinakuja na kupotea kwa miezi, na wengine nyumbani hawana.* Pima VVU. Nakuambia kwa upendo. Vipele vya namna hiyo ni moja ya njia ambazo mwili huonyesha kinga imeshuka, na ukianza dawa hutulia.

*Nimekulia Mahenge, Morogoro, nawashwa miaka, ngozi imekunjamana.* Ugonjwa uitwao usubi upo huko, unaletwa na inzi weusi wa mitoni, si wale vijidudu wa jioni niliowataja juu. Taja ulikokulia, bila kusubiri uulizwe.

*Nahisi wanatembea mwilini lakini hakuna anayewaona.* Mateso hayo ni ya kweli, na yana tiba. Yanaweza kutoka kwenye neva, dawa, pombe au uchovu mkubwa wa akili. Usijichome na wembe kuwatafuta, wala usijimwagie sumu. Mwambie daktari hivyo hivyo unavyohisi.

Siku ya kwenda kituoni usijipake chochote asubuhi, ngozi ionekane ilivyo. Beba ile karatasi yenye nukta, majina ya kila ulichokwisha kupaka au kumeza, na selotepu yako.